Chumvi ya Mama Happiness

Kiwanda cha Korosho,
Newala.
28 Novemba 1999

Kwa dada yangu Agatha,

Shikamoo dada. Shemeji naye mfikishie shikamoo yangu, na watoto waambie mjomba wao anawakumbuka mmoja mmoja kwa majina. Naomba Mungu goti lako liwe limekupa nafuu, na baridi ya Njombe isikufungie ndani kama mwaka jana. Mimi mwili ni mzima. Nakula vizuri, na kile kikohozi ulichokisikia nilipopita kwako kimebaki cha asubuhi tu. Kuhusu uzima mwingine, utapima mwenyewe ukifika mwisho wa barua.

Barua yako ya Oktoba ilinifikia kwa mkono wa kondakta wa basi la Masasi. Umeniandikia kwamba ulisoma habari zangu gazetini, ukalipeleka gazeti kanisani, na padri akazitaja mbele ya watu baada ya matangazo. Umenipongeza kurasa mbili nzima. Nimechelewa kukujibu, na sitasingizia kazi. Nimeanza barua hii mara nne na kuichana mara nne.

Ngoja nikueleze tangu mwanzo, maana mwandishi yule wa gazeti alikaa hapa saa moja na nusu, akanywa soda mbili, akaandika jina langu kwa makosa.

Unajua niliporudi kutoka Urusi nilikaa Dar es Salaam miaka saba nikifundisha vijana waliokuwa wakinakili ubaoni hata pale nilipokosea makusudi. Nilisoma mambo ya kuyeyusha chumvi na kupitisha umeme ndani yake ili kuvika chuma utando wa madini mengine. Hapakuwa na mtu wa kuzungumza naye. Nilipowaeleza wakubwa wangu, mmoja aliniuliza kama kazi hiyo inaweza kusaidia kutengeneza masufuria. Basi mwaka huu mwezi wa pili akaja Godwin, akanitoa huko na kunirudisha nyumbani.

Godwin ni yule mfanyabiashara aliyeuziwa kiwanda hiki serikali ilipoamua kwamba viwanda si kazi yake. Kilikuwa kimefungwa tangu sisi tungali vijana, popo ndio waliokuwa wabanguaji. Mwekezaji wetu huyu huvaa miwani ya jua ofisini, hajui tofauti ya chuma na bati, na kila sentensi yake ina neno soko huria kama vile ni dawa ya meno. Lakini alikuwa na shida ya kweli. Alinunua mashine za mitumba za kubangulia korosho, na visu vyake vilikuwa haviishi mwezi. Mafuta ya ganda la korosho unayajua, yaliichubua mikono ya mama yetu mpaka akazikwa na alama zake. Mafuta hayo hayo, yakiwa moto, hula chuma pia. Kisu kikishaliwa hakikati ganda, kinasaga korosho yenyewe, na korosho iliyosagika haina mnunuzi. Godwin alisema waziwazi kwamba asipopata visu vinavyodumu kabla ya msimu, ataziuza mashine, atageuza kiwanda kuwa ghala, na korosho zitapelekwa nje na maganda yake kama zinavyopelekwa za wengine wote. Wanawake sitini walikuwa wameandikisha majina wakisubiri kazi.

Nikamwambia kazi hiyo naiweza. Unachukua kloridi ya alumini, unga mmoja mkali unaotoa moshi ukikutana na unyevu, unachanganya na chumvi ya kawaida, unayeyusha ndani ya chungu cha chuma kilichofunikwa vizuri. Unaning'iniza kisu ndani, na kipande cha alumini ubavuni pake, unapitisha umeme wa betri za lori. Alumini inahama taratibu na kukivaa kisu. Hiyo peke yake ni laini. Ndipo unapoweka unga wa pili, mgumu kama jiwe la kunolea, wenye chembe ndogo mno, ukipanga maelfu yake hufikii unene wa unywele. Niliubeba makopo mawili kutoka Urusi. Chembe hizo zikishikwa ndani ya alumini inapojenga utando, kisu kinakuwa na ngozi isiyoliwa na mafuta na isiyokwanguka kwa urahisi. Godwin alitikisa kichwa kwa heshima kubwa. Ningemwambia nitatumia maziwa ya popo, angetikisa vilevile.

Alinipa banda la nyuma na watu wawili. Wa kwanza Twahiru, mchomelea vyuma wa hapa Newala, mtu mzima wa miaka arobaini anayepiga mluzi kutwa nzima na anayeamini umeme ni aina ya maji. Wa pili mama mmoja wa Chilangala aitwaye Dorika, aliyeletwa kufagia na kuangalia moto. Niliwaangalia, nikafikiri kuhusu maabara niliyosomea, yenye vyumba kumi na moja, nikacheka peke yangu. Nilimkataza Twahiru kugusa chochote mpaka nimwambie. Huyo mama nilimkataza hata kuuliza.

Kuanzia mwezi wa tatu mpaka wa saba tulishindwa. Ukungu wa uwanda wetu, dada, wewe umeusahau kwa kukaa mbali. Asubuhi unaingia bandani kama ng'ombe aliyepotea, unalala juu ya kila kitu. Chumvi inakunywa maji hayo. Ukiiweka kwenye chungu, moshi unatoka unaokaba koo, na kisu kinatoka cheusi, utando wake unabanduka kwa kucha kama gamba la kidonda. Unga wangu wa Urusi nao haukutulia ndani ya chumvi. Uligandamana kuwa madonge, ukazama chini ya chungu. Nilikausha chumvi saa moja juu ya moto kama vitabu vinavyosema. Nilibadilisha umeme. Nilibadilisha betri. Nilimlaumu Twahiru kwa waya zake, nikamlaumu Godwin kwa bati lake linalovuja, nikamlaumu Dorika kwa kufagia, kwamba anatimua vumbi. Siku moja nilimwambia mbele ya watu kwamba ufagio wake umeharibu kazi ya miaka mitano ya chuo kikuu. Aliuegemeza ufagio ukutani, akatoka nje, akakaa juu ya gunia mpaka nilipoondoka.

Wakati huo mji mzima ulikuwa umenipa jina, Daktari wa Chumvi. Hata wauza ming'oko, vile viazi pori vyetu, walinijua sokoni. Niliwadharau. Niliona watu ambao hata maji ya kunywa wanayapandisha kutoka bondeni kwa vichwa vya wake zao hawana haki ya kumcheka yeyote.

Kisha mwezi wa nane, Jumanne moja niliporudi kutoka Masasi kufuata betri, kisu kikatoka. Cha kijivu chenye kung'aa, sawasawa pande zote. Nilikikwangua kwa msumari, msumari ndio uliokwisha. Nilikitumbukiza kwenye mafuta ya korosho yaliyochemka, siku nne, kikatoka kama kilivyoingia. Godwin alikishika kama mtoto mchanga. Wiki ya pili tukapeleka visu vitano Masasi kwenye mkutano wa wanunuzi wa korosho, nikasimama mbele ya wakubwa wa wilaya waliokuwa wakisinzia, nikawaeleza habari za chembe na chumvi. Walipiga makofi kila niliponyamaza kuvuta pumzi. Mwandishi akanipiga picha nikiwa nimeshika kisu. Hiyo ndiyo picha uliyoiona. Godwin akaniagiza visu mia tatu kabla ya korosho za kwanza kuingia.

Mpaka hapa ni kama gazeti lilivyosema. Sasa nakuomba ukae chini, dada.

Kisu kile sikukitengeneza mimi.

Nilikuwa Masasi siku mbili. Niliporudi nilikuta moto umewashwa, chungu kimefunikwa, na Twahiru amesimama kando ya betri. Dorika alikuwa anakivuta kisu nje kwa koleo. Nilianza kugomba kabla sijakiona. Nilipokiona nikasogea kukitazama. Juu ya benchi palikuwa na kinu kidogo cha mti, cha kutwangia viungo, kimefungwa kitambaa juu, na kopo la maziwa lililojaa mchanganyiko mweupe, mdomo wake umezibwa kwa nta ya mshumaa. Alikuwa amechukua unga wangu wa Urusi, robo nzima ya kopo, akautwanga pamoja na chumvi.

Sikumuuliza alivyofanya. Nikimuuliza, ingekuwa nimekubali kwamba kuna kitu anakijua. Nilimwambia amechezea dawa za kampuni, na kesho asije. Alinisikiliza mpaka mwisho, akakusanya kanga yake na kinu chake, akaondoka. Nikabaki na lile kopo. Visu vinne vingine vilivyokwenda Masasi vilitoka katika kopo lile, na Twahiru alikuwepo, na alijua, na alikaa kimya kwa sababu ana watoto watano. Nilimwambia Godwin kwamba mama yule alikuwa mwizi wa sabuni. Hilo, dada, ndilo linaloniamsha. Hakuwa mwizi wa kitu chochote. Nilimfukuza kwa kuogopa kwamba atasema, na nikamtia doa ili hata akisema asisikilizwe.

Kopo lilipokwisha nilijaribu kuiga. Nilimuuliza Twahiru kwa mbali, kama mtu anayeulizia hali ya hewa, akanijibu kwamba yeye alikuwa nje akiunganisha betri, alisikia mchi tu. Nikanunua kinu. Mimi, mwenye shahada tatu, nilijifungia bandani nikitwanga. Visu vilitoka vyeusi. Septemba ikaisha, Oktoba ikaingia, Godwin akaanza kuuliza kila siku, na sauti yake ikaanza kupungua heshima. Wanawake wale sitini wakawa wanakuja getini asubuhi, wanakaa, wanaondoka.

Tarehe ishirini na mbili Oktoba mvua ya kwanza ilinyesha. Asubuhi yake nilikuwa na haraka. Chumvi niliyoitwanga ilikuwa imelala wazi, na nilipoishika ilinata mikononi. Niliona. Twahiru naye aliona, akaniambia tuiache mpaka jua litoke. Nilimwambia kazi yake ni waya. Nikamwamuru aimimine. Chungu kilikuwa kimoto sana. Chumvi mbichi ilipogusa ile iliyoyeyuka ililipuka, ikaruka, ikamshika mkono wa kulia toka kiwiko mpaka vidoleni, na kidogo shingoni. Moshi ulijaa banda. Hakupiga kelele. Alikuwa anasema tu, kwa Kimakonde, jina la mke wake.

Tulimtelemsha hospitali ya Ndanda kwa gari la Godwin, mimi nimemshika kichwa. Wauguzi wale walimpokea vizuri sana na bado yuko kwao. Mkono utapona, wamesema, lakini vidole viwili havitakunjika. Siku ya pili alinitazama, akaniambia neno moja tu.

"Daktari, nenda kwa Mama Happiness."

Nikamuuliza huyo ni nani. Aligeuza uso ukutani. Muuguzi ndiye aliyenieleza baadaye kwamba Twahiru kutwa anamtaja mama mmoja wa Chilangala aliyefanya naye kazi. Dada, yule mama nilikaa naye miezi sita chini ya bati moja na sikujua kwamba ana mtoto. Nilikuwa namwita Dorika, kama unavyomwita mtoto wa jirani, tena mara nyingi nilimwita wewe. Amenizidi miaka kumi, na bado kila asubuhi yeye ndiye aliyeniamkia shikamoo, na mimi nilikuwa naitikia marahaba bila kuinua macho.

Nilikwenda Chilangala Jumamosi iliyofuata kwa baiskeli ya kuazima. Nilimkuta chini ya mikorosho yake anaokota, na binti yake Happiness, msichana mkubwa tu anayesomea ualimu, ananyofoa korosho kwenye mabibo. Nilimwamkia shikamoo. Alikaa kidogo akiniangalia, kama anayesubiri kuona hilo limetoka wapi, kisha akaitikia. Hakunikaribisha kukaa. Aliniuliza hali ya Twahiru, nikamweleza yote bila kupunguza, hata kwamba niliiona chumvi imelowa. Alikuwa anaokota huku akisikiliza. Nilipomaliza akasimama wima.

"Umekuja kwa ajili ya Twahiru au kwa ajili ya visu?"

Nilikuwa nimeandaa jibu zuri njiani, tena lefu. Likanikimbia. Nikamwambia nimekuja kwa ajili ya visu.

"Afadhali hapo umesema kweli," akaniambia.

Akanieleza, wala si kwa siri. Alisema hapa kwetu, kwa ukungu huu, chumvi ya jikoni usipoikaanga inakuwa uji, kila mwanamke wa uwanda anajua. Aliniona nikiikausha saa moja na kuitoa, akajua bado, ila alikuwa amekatazwa kuuliza. "Chumvi inalia ikipata moto," alisema. "Inapasukapasuka. Usiitoe mpaka inyamaze yenyewe. Ikinyamaza ndiyo imekauka." Kisha inatwangwa ikiwa bado ya moto, na ule unga wangu unatiwa humo kidogo kidogo, kama mtu anavyorudishia kinuni unga wa muhogo uliofanya madonge, mpaka chumvi yenyewe iutenganishe. Kisha kopo, kisha nta, hapohapo.

Ndiyo hiyo tu, dada. Punje za chumvi huwa zimefungia maji ndani, na zinapasuka yakitoka. Nililisoma hilo mwaka wa pili, nikalifanyia mtihani, nikalifaulu. Nilikuwa naisikia chumvi ikilia kila siku na nilikuwa naitoa motoni kwa sababu kitabu kilisema saa moja.

Nilimwomba arudi. Alinijibu kwamba atarudi, lakini hatarudi kufagia, na hatarudi akiwa mwizi wa sabuni. Nilivyomchafua mbele ya watu, nimsafishe mbele ya watu. Na alitaka nimwambie Godwin mwenyewe, kwa mdomo wangu, yeye akiwepo.

Jumatatu tulisimama getini, wale wanawake wakiwa wamekaa. Nilisema. Sikumbuki nilisema vizuri au vibaya. Nilisema visu vya Masasi ni kazi ya Mama Happiness na Twahiru, na habari ya sabuni niliitunga. Wanawake hawakushangilia. Mmoja, Paulina, jirani yake wa Chilangala, alisema kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba wao walijua tangu Agosti.

Godwin alivua miwani. Alicheka kwanza, halafu akafikiri, na mtu yule akifikiri huwa anafikiri upande mmoja tu. Akaniuliza, kama siri ya visu ni kikaango na kinu, yeye ananiweka mimi wa nini. Nilimdharau mtu yule tangu siku ya kwanza, na siku hiyo aliuliza swali ambalo mimi mwenyewe nilistahili kujiuliza.

Mama Happiness ndiye aliyejibu. Alimwambia kwamba chumvi anaijua lakini umeme haujui, hajui kwa nini alumini inahama wala iende kwa kasi gani, na Twahiru hayupo. Akasema daktari abaki kwenye umeme. Alilisema hilo bila huruma, kama mtu anayehesabu vyombo vinavyohitajika jikoni. Godwin akakubali, akanipunguzia cheo palepale. Kitabu cha kazi sasa kinaonyesha Mama Happiness ndiye mkuu wa banda, na mimi niko chini ya jina lake.

Visu mia moja na arobaini vimekwishatoka. Mashine mbili zinakwenda, na wanawake ishirini na wawili wameingia ndani. Nimemwandikia yule mwandishi wa gazeti barua ndefu ya kusahihisha. Sidhani ataichapisha, habari ya namna hiyo haina picha. Lakini wewe sasa umejua, na nakuomba umwambie na padri, na kama atataka kuitaja, aitaje kama nilivyokuandikia.

Nisikudanganye kwamba nimekuwa mtu mwingine. Bado nikiwasikia watu hapa wakizungumza, kitu kinapanda kifuani na kuanza kuwapima, huyu hajui hiki, huyu hajui kile. Nimeishi nacho miaka mingi na hakiondoki kwa kusimama getini asubuhi moja. Twahiru nakwenda kumtazama kila Jumapili. Ananipokea. Sijasikia akipiga mluzi.

Jana niliachiwa zamu ya kikaango. Nilisubiri, nikasikiliza, nikaona imenyamaza, nikaileta kwenye kinu. Mama Happiness aliinama, akaweka sikio, akaniambia bado, niirudishe. Nilikasirika, dada, nilikasirika mpaka masikio yakapata moto. Lakini niliirudisha, na ilikuwa bado.

Wasalimie wote hapo Njombe, na majirani waliofurahi pamoja nawe wape salamu zangu na samahani zangu. Mungu akulinde, na ukipata nafasi nijibu, hata kama ni kunigombeza.

Ni mimi mdogo wako,

Gervas

Banda la nyuma, kwa Mama Happiness,
Newala